Dhima ya Serikali Katika Kuhimiza Ujenzi Unaohifadhi Mazingira

Wananchi wa Unguja hawajaisahau miezi ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Njia ya umeme itokayo Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari, iliyoanza kutumika mwaka 1980, iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Mwaka 2008 ilikwisha kutokea hitilafu kama hiyo, iliyodumu takriban mwezi mmoja. Tangu mwaka 2013 upo waya mwengine wenye uwezo wa megawati 100, na hatari ile imepungua. Hata hivyo, msimu ule wa kaskazi ulidhihirisha kwamba nyumba nyingi tulizozijenga hazikaliki bila ya feni, na pampu zikisimama hazina hata ndoo moja ya akiba ya maji.

Haikuwa hivyo zamani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene zikichelewa kupata moto mchana. Ua wa katikati uliingiza mwangaza na kuitoa hewa ya moto juu, na vichochoro vyembamba vilitiliana kivuli. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko hauruhusu zaidi ya mita tatu hivi. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Wenye nyumba hizo wanakumbushwa kwamba ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji huzuiwa kutoa unyevu wake. Chumvi na maji hubaki ndani, na ukuta huoza huku kwa nje ukionekana mpya.

Haina maana kwamba kila mtu arejee kwenye mawe na boriti. Mikoko yetu haitoshelezi, nayo ni ngao ya fukwe na mazalio ya samaki. Na chokaa huchomwa kwa kuni nyingi. Kinachotakiwa kuigwa ni busara ya ujenzi ule, ambayo hata nyumba ya matofali ya saruji na bati inaweza kuipokea. Nyumba ikilazwa ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri hupiga ubavu mfupi tu. Madirisha yakikabiliana, upepo wa kaskazi na wa kusi hupita. Upenu mpana, dari chini ya bati, na mti ulioachwa upande wa magharibi hukamilisha kazi. Mengi kati ya hayo hayaongezi gharama, ila lazima yaamuliwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Hapo ndipo Serikali inapohusika. Uwezo wa kuidhinisha ramani za majengo si mpya. Ulikuwemo katika Amri ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1955. Lakini kibali kikiangalia mipaka ya kiwanja na ada peke yake, fursa kubwa inapotea. Mtendaji anayepokea ramani anao wasaa wa kumuuliza mjenzi upepo utaingilia wapi, maji ya mvua yatakwenda wapi, na karo liko umbali gani na kisima cha jirani.

Suala la karo lisidharauliwe. Ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na uchafu hupenya upesi hadi kwenye maji tunayoyanywa. Kwenye mitaa iliyojengwa bila ya mpango, karo na kisima hutenganishwa na hatua chache tu, na kipindupindu kimetutembelea zaidi ya mara moja. Mwenye nyumba mmoja hawezi kulimaliza tatizo hili peke yake. Linahitaji viwanja vilivyopimwa kabla ya watu kuhamia.

Kuhusu mvua, hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita mraba 100 ni lita 100 za maji. Unguja hupata kiasi cha milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika na vuli. Hata nusu yake ikikusanywa kwa mfereji wa bati na tangi, ni lita 75,000 kwa nyumba moja.

Inapasa Serikali ianze na majengo yake yenyewe. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo madirisha yake yalizibwa kwa mbao ili kiyoyozi kifanye kazi vizuri. Umeme ulipokatika tulihamishia mafaili barazani, chini ya mwembe, na tukagundua kuwa pale palikuwa na baridi kuliko ndani. Skuli, vituo vya afya na ofisi za wilaya ni majengo yanayoonwa na kila mtu, na mafundi wetu huiga wanachokiona zaidi kuliko wanachokisoma katika waraka.

Anayekusudia kujenga amwone sheha wake na ofisi inayotoa vibali mapema, akiwa na ramani inayoonyesha upande wa kaskazini, kisima na karo, pamoja na ya jirani zake. Aliyekwisha kujenga bado anaweza kutia dari, kuongeza upenu na kuweka mfereji wa bati kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi.