Chatu wa Kufugwa Anapogeuka Mkali

Ukisha kuvuka daraja la Nyali na kuipita Kisauni, utafika Bamburi, mahali ilipo bustani ya Haller. Zamani hapo palikuwa na mashimo matupu, mawe yake yamechimbwa yote kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954. Kuanzia mwaka 1971 Bwana René Haller, mtu wa Uswisi, alipanda mivinje katika mashimo hayo mpaka udongo ukapatikana tena, na ndege na wanyama wakarudi. Nyoka nao wamepewa nyumba yao humo. Wageni wanaosimama mbele ya vioo vya nyumba ya namna hiyo hugawanyika upesi: wako wanaorudi nyuma, na wako wanaotamani kumshika chatu shingoni mwao. Habari hii yawafaa zaidi hao wa pili, na hasa wale wenye kazi ya kumtunza chatu, ambao siku moja huona kwamba mnyama aliyekuwa mpole kama kamba ya katani sasa ajikunja, afoka, na kuurukia mkono unaomlisha.

Yafaa sheria itajwe kwanza. Katika Kenya hakuna ruhusa ya kumweka nyoka wa porini nyumbani pasipo leseni ya Idara ya Wanyamapori, yaani KWS, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2013. Tena biashara ya chatu kati ya nchi na nchi imefungwa kwa masharti ya mkataba wa mataifa. Basi kijana wa Mtongwe au Miritini aliyemwokota mtoto wa chatu na kumtia ndani ya debe, hata akiwa na nia njema, amevunja sheria. Na mtoto huyo, akilishwa vema, aweza kupita urefu wa mita nne.

Tukija kwenye ukali wenyewe, jambo la kuelewa ni kwamba nyoka hamjui bwana wake kama mbwa amjuavyo. Hapendi wala hachukii. Akizoea kushikwa, maana yake ni kwamba amejifunza kuwa mkono wa mtu haumdhuru. Na alichojifunza chaweza kupotea. Kwa hiyo mtunzaji mwenye busara hamwadhibu chatu anayeuma, kwa sababu kipigo humthibitishia nyoka kwamba aliogopa kwa haki. Hujiuliza badala yake: ni kitu gani kilichobadilika?

Mara nyingi jibu liko machoni pa nyoka mwenyewe. Anapokaribia kujivua gamba, macho yake huwa na utando wa rangi ya maziwa yenye ubuluu, na ngozi hufifia. Siku hizo haoni vizuri, na kila kivuli kinachopita ni adui. Yampasa mtunzaji amwache kabisa, amwongezee maji ya kujilowesha, na asimguse mpaka gamba limetoka zima, pamoja na vile vipande viwili vidogo vinavyofunika macho. Watunzaji wengi wapya wameumwa kwa kutojua jambo hili moja tu.

Sababu ya pili ni harufu. Chatu ana vitundu midomoni vinavyohisi joto la mwili wa mnyama hata gizani, na ulimi wake hukusanya harufu. Mtu aliyetoka kushika kuku au panya, kisha akatia mkono ndani ya kizimba, amejifanya chakula. Mkono una joto, unanuka kuku, unatembea; chatu afanye nini? Huo si ukali hata kidogo, ni njaa iliyokosea njia. Kunawa kwa sabuni kabla ya kumshika ni nusu ya dawa. Tena chatu aliyekwisha kula asishikwe kwa muda wa siku mbili au zaidi, kulingana na ukubwa wa mlo, maana akisumbuliwa aweza kutapika.

Hali ya hewa nayo haisahauliki, ingawa watu wa pwani hudhani kwamba huku hakuna baridi. Wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai na Agosti, joto la usiku Mombasa laweza kushuka mpaka karibu digrii 21 au 22. Chatu hupenda digrii 28 mpaka 32 mchana, na pembe moja ya kizimba iliyo baridi kidogo ili ajichagulie mwenyewe. Akipoa mno, chakula hakisagiki tumboni, na yeye huwa mgonjwa na mwenye hasira. Kinyume chake ni kibaya vile vile: kizimba chini ya mabati, wakati wa kaskazi, kwaweza kumwua nyoka kwa mchana mmoja. Makuti ni bora.

Yapo pia mambo madogo ya kuchunguza, kama utitiri chini ya magamba, kidonda mdomoni, au kizimba kipya kisicho na pango la kujificha. Jike aliyetaga hujizungusha juu ya mayai yake na hataki mtu karibu. Huyo hana ugonjwa wala tabia mbaya.

Mambo hayo yakisha kutengenezwa, ndipo mazoezi yaanze upya, kana kwamba nyoka ameletwa leo. Kwa muda wa wiki moja au mbili mtunzaji asimshike. Akae karibu, abadilishe maji, aondoe uchafu, aende zake. Wengine huacha ndani ya kizimba kitambaa walichokivaa, ili harufu ya mwili wao iwe jambo la kila siku. Kisha huja kazi ya fimbo ya kulabu. Kabla ya kumtoa, nyoka huguswa taratibu kwa fimbo hiyo katikati ya mwili. Siku ya kulishwa haguswi. Baada ya muda huelewa kwamba mguso wa fimbo ni ishara kuwa hakuna chakula kinachokuja, na shingo iliyokuwa imejikunja kama herufi ya S hulegea.

Anaposhikwa, mkono usitoke juu, kwa maana kipanga na adui wengine hutoka juu. Utoke ubavuni, ushike katikati ya mwili, na mkono wa pili utegemeze uzito. Dakika tano zatosha siku za kwanza. Kuna kosa moja linaloharibu kazi yote: nyoka akirusha kichwa, mtunzaji humwacha na kufunga mlango papo hapo. Nyoka amefunzwa kwamba kuuma huleta amani! Akiweza kustahimili bila hatari, na amsubiri nyoka atulie, ndipo amrudishe. Chatu aliyepita mita mbili na nusu asishikwe kamwe na mtu mmoja.

Meno ya chatu yameelekea nyuma kama ndoana. Akiuma na kung'ang'ania, kuvuta mkono kwa nguvu huchana nyama; afadhali amwagiwe maji baridi mdomoni, na akijizungusha afunguliwe kuanzia mkiani. Hana sumu, walakini jeraha lataka sabuni, maji mengi na sindano ya pepopunda.

Hayo yote ni ya chatu. Fira, koboko na kifutu hawafundishwi upole, na anayesema amemzoeza swila anahesabu bahati yake kuwa ni elimu. Bwana C. J. P. Ionides, aliyekuwa bwana nyama huko Liwale, kusini ya Tanganyika, na aliyefariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kwa koleo na fimbo. Na yeye, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara kadhaa. Aliyeumwa na nyoka wa sumu asichanjwe, asinyonywe, wala asikawizwe kwa jiwe jeusi. Atulizwe, apelekwe hospitali upesi, iwe kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Makupa. Huko Watamu, kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka 1980 na Bwana James Ashe na mkewe kimejulikana sana kwa kazi ya sumu na dawa yake.

Wako chatu wasiotulia hata baada ya miezi mingi, hasa waliokamatwa wakiwa wakubwa. Hao watazamwe tu, wahamishwe kwa sanduku bila kuguswa. Mtunzaji aliyeshindwa awaite KWS, asimfungulie usiku katika vichaka vya Shanzu au Shika Adabu. Chatu huyo amekwisha kujua kwamba penye harufu ya mtu ndipo kuku hutokea, na banda la jirani haliko mbali.