Nani Aupime Uadilifu wa Utafiti?

Ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, huletwa na bakteria waenezwao kwa vidole, vitambaa na nzi watuao nyusoni mwa watoto. Mtu akiambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, hatimaye kope zake hugeukia ndani na kukwaruza mboni mpaka jicho likapofuka. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti walitaka kujua kama kunawa uso kungepunguza maradhi hayo. Walichukua vijiji sita, wakavipanga viwili viwili. Vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni; lakini katika kila jozi ni kijiji kimoja tu, kilichoteuliwa kwa bahati nasibu, kilichoendeshewa pia kampeni ya kunawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali.

Je, ilikuwa haki vijiji vitatu kuikosa kampeni hiyo? Mtakwimu atajibu kwamba pasipo kijiji cha kulinganishia hakuna linalothibitika. Daktari ataongeza kwamba dawa ilifika katika vijiji vyote. Hoja hizo zina uzito, lakini hazimalizi shauri. Katika Ugogo maji aghalabu huchotwa mbali, na mchotaji ni mama. Hata hivyo matumizi yake si shauri lake peke yake, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulilazimika kupima sauti ya mume, ya mke na ya jamii nzima. Basi idhini ni ya nani: ya mkutano wa kijiji, ya baba, au ya yule abebaye ndoo kichwani? Hapo daktari humhitaji mwanasheria, na mwanasheria humhitaji mjuzi wa mila za Wagogo.

Kuwakutanisha hao ndiyo kazi ya kituo cha maadili chuoni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha tiba na sayansi za jamii pia. Wataalamu hawatafutwi mbali. Ugumu ni kuwaketisha pamoja, kwani mwalimu hupandishwa cheo kwa makala za fani yake, si kwa saa alizotumia kusoma fomu ya idhini ya mwenzake. Tena, kituo kisichothubutu kuurudisha mradi wenye fedha nyingi ni ofisi ya mihuri tu. Na mjumbe atokaye kijijini asiwekwe pembeni mwa meza kutimiza hesabu: yeye ndiye ajuaye kama neno “hiari” bado lina maana pale mtafiti abishapo hodi akiwa ameongozana na mtendaji wa kijiji.