Simu ya Mama, Mtandao wa Mtoto

Shule nyingi za msingi za Bariadi, mkoani Simiyu, hazina chumba cha kompyuta, na mara nyingi mazungumzo kuhusu usalama mtandaoni huishia hapo. Kompyuta zikija, somo litafundishwa. Wakati huo huo mtoto wa darasa la tatu ameshaingia mtandaoni kwa simu janja ya mama au ya mjomba, amewekewa katuni ili atulie, na bando la siku likiwa halijaisha anaendelea kubonyeza kila kinachojitokeza.

Simiyu ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2012, lakini Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497, na sehemu kubwa yao ni watoto. Wengi wao watakutana na intaneti kwenye simu ya kuazima kabla ya kuiona shuleni. Mwalimu anayetaka kuwalinda itambidi aanzie kwenye simu hiyo.

Ukubwa wa hatari inayowakabili watoto mtandaoni unajulikana. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya Tanzania ya utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Miongoni mwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Watafiti walikadiria kuwa idadi hiyo ni sawa na watoto wapatao 200,000 nchi nzima. Mtoto wa miaka 12 yuko darasa la sita au la saba. Jambo lingine lililojitokeza ni kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu, na kwamba taarifa chache sana hufika polisi au kwenye simu ya msaada.

Basi mtoto afundishwe nini? Pa kuanzia papo tayari, napo ni huduma za pesa kwa simu. Katika kaya nyingi za Simiyu, mtoto aliyejua kusoma ndiye anayemsomea bibi ujumbe ulioingia. Anajua namba ya siri ni nini na kwa nini bibi huificha anapoibonyeza. Kutoka hapo ni hatua fupi kumweleza kwamba nywila ya akaunti ni namba ya siri pia, na kwamba jina la shule, njia anayopita kwenda nyumbani na picha yake akiwa amevaa sare ni taarifa asizompa mtu asiyemjua. Hata ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" unafaa kuwa zoezi la ufahamu darasani: nani ameandika, anataka nini, mbona ana haraka? Mtoto akishazoea kuuliza hivyo, atawalinda na wazee wake. Namba iliyotuma utapeli huo huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040.

Somo la picha nalo halihitaji umeme. Mwalimu anamwita mwanafunzi mmoja achore uso wake kwenye karatasi, kisha karatasi inapita dawati hadi dawati, na kila anayeipata anainakili kwenye daftari lake kabla ya kuipitisha. Ikishazunguka, mchoraji anaambiwa aifute picha yake. Anachana karatasi ile, lakini darasa zima limebaki na nakala. Hapo mwalimu anaweza kutoa kishikwambi, maana vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, akaonyesha kitufe cha kutuma kilipo na cha kumzuia mtu kilipo.

Kazi ngumu zaidi ni kumfanya mtoto aseme. Aliyetishiwa kwamba picha yake itasambazwa huwa na hofu mbili: anamwogopa anayemtishia, na anaogopa kuchapwa kwa kushika simu bila ruhusa. Fimbo ikitangulia swali, mtoto wa pili hatakuja. Kwa hiyo ahadi ya kutomwadhibu anayetoa taarifa inapaswa kutamkwa mbele ya wanafunzi wote, na mwalimu wa ushauri nasaha atajwe kwa jina, pamoja na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozwi kitu kwa mtandao wowote.

Mtoto akishasema, mwalimu asifute chochote. Aandike namba au jina la akaunti, tarehe na saa, ahifadhi ujumbe ulivyo, kisha afuatane na mzazi hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Picha chafu ya mtoto isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia ya kuonyeshana ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inamhesabu anayesambaza picha za namna hiyo kuwa mkosaji, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu vitisho na uonevu wa mtandaoni.

Wazazi nao wana sehemu yao, na wengi wataelewa vizuri zaidi wakielezwa kwa Kisukuma kuliko kwa kipeperushi. Kikao kizuri cha kuwaeleza ni kile cha kabla ya likizo ya Juni. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, fedha huanza kuingia, baadhi ya kaya hununua simu mpya, na watoto hubaki nyumbani wiki kadhaa bila mwalimu. Nusu saa ya kikao inatosha kuwaonyesha wazazi mambo matatu kwenye simu zao wenyewe: kufunga simu kwa namba ambayo mtoto haijui, kuwasha mpangilio wa watoto kwenye YouTube, na kupiga 116.