Upatikanaji wa huduma za afya katika bonde la Kilombero

Upatikanaji wa huduma za afya katika bonde la Kilombero (Mkoa wa Morogoro, Tanzania) unahusu jinsi wakazi wa Ifakara na vijiji vya jirani wanavyokifikia kituo cha tiba, na jinsi kituo kinavyowapokea wanapofika. Suala hilo limechunguzwa sana hapa kwa sababu maabara ya utafiti iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Umbali na majira

Wakazi wa kata za mjini, kama vile Lipangalala, wako karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko kuliko watu wa vijijini, ambao hutegemea zahanati. Lakini ukaribu hubadilika na majira. Familia nyingi za bonde hulima mpunga mbali na nyumbani, na wakati wa kilimo huhamia shambani pamoja na watoto, wakikaa katika vibanda kwa wiki au miezi. Ni majira ya mvua, njia hujaa maji, na mtoto akipata homa usiku zahanati iko mbali kuliko ilivyokuwa kabla ya kuhama. Kwa wagonjwa wa Ulanga na Malinyi kikwazo kilikuwa mto Kilombero wenyewe: waliuvuka kwa kivuko kabla ya kujengwa kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018.

Zaidi ya umbali

Mwaka 2007 Brigit Obrist na wenzake walieleza kwamba upatikanaji una pande tano: huduma na dawa ziwepo, zifikike, gharama yake imudike, utaratibu wa kituo (kwa mfano saa za kufungua) ulingane na maisha ya watu, na wagonjwa waikubali huduma pamoja na namna wanavyotendewa. Zahanati inaweza kuwa jirani kabisa na bado isimsaidie mtu anayekuta dirisha la dawa limefungwa, au aliyekaripiwa mara ya mwisho alipofika.

Mtazamo huo ulitokana kwa sehemu na mpango wa ACCESS, uliofanya kazi Kilombero na Ulanga katika miaka ya 2000 ili wagonjwa wa malaria watibiwe mapema na kwa dawa sahihi. Jamii ilielimishwa kwamba degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali inayohitaji hospitali, kwa kuwa wengi waliipeleka kwanza kwa waganga wa jadi. Watumishi wa vituo walipewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu. Hatimaye yaliingizwa maduka ya dawa muhimu, yaliyojaribiwa kwanza Ruvuma mwaka 2003: muuzaji hufundishwa na duka huruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Hatua hii ilikubali ukweli ambao mipango mingi huupuuza, yaani kwamba mgonjwa mara nyingi huanzia dukani.

Gharama na sauti ya wananchi

Kwa sera ya taifa, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Msamaha huo hupungua thamani dawa zinapoisha, maana mama aliyesamehewa hulazimika kununua nje.

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kwa muda mrefu kamati hizo zilikuwa na uwezo mdogo, kwa sababu fedha zilikaa halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kamati hushiriki kupanga matumizi yake, yakiwemo ununuzi wa dawa na ukarabati. Malalamiko ya wagonjwa kuhusu foleni, lugha ya watumishi au dawa zilizokosekana hufikishwa huko, au hutumbukizwa katika sanduku la maoni.