Sanduku la Kura la Wafanyakazi wa Mashambani na Wajibu wa Askari

Askari aliye zamu hupewa amri nyingi zilizo nyepesi kueleweka: linda daraja hili, msindikize mtu yule, tuliza ghasia hii. Ipo amri moja, hata hivyo, ambayo aghalabu humfikia bila maelezo ya kutosha. Nayo ni ile ya kwenda penye mkutano wa chama cha wafanyakazi ambako makundi mawili, kila moja likijiita uongozi halali, yanagombea ufunguo wa ofisi, mhuri na hesabu ya benki. Afikapo hapo, kila upande humwonyesha karatasi zake na kumtaka auondoe upande wa pili. Je, afanye nini?

Swali hili haliko mbali na askari wanaoishi Kakoba na mitaa mingine ya Mbarara. Upande wa magharibi wa mji, vilima vya Igara na Buhweju vimefunikwa na chai, zao ambalo aghalabu huvunwa kwa mikono ya watu wengi. Upande wa kusini-mashariki iko Nakivale, makazi yaliyoanza kuwapokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambayo baadaye yaliwapokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Baadhi yao hutafuta vibarua katika mashamba. Penye vibarua wengi pana haja ya msemaji wao, na penye msemaji pana swali la nani aliyemchagua.

KINACHOGOMBEWA

Mtu wa nje hudhani kwamba ugomvi wa uongozi katika chama cha wafanyakazi ni ugomvi wa vyeo. Ukweli ni kwamba vinavyogombewa ni vitu viwili vyenye uzito mkubwa zaidi.

Cha kwanza ni fedha. Kwa kawaida ada ya mwanachama haitoki mfukoni mwake mwenyewe, bali hukatwa na mwajiri katika mshahara kisha hupelekwa chamani. Ada ya mchuma chai mmoja ni ndogo, lakini ada za maelfu ya wachuma chai zikikusanywa kila mwezi huwa mali inayotamaniwa. Anayetambuliwa kuwa kiongozi ndiye anayetia saini ya kuitoa.

Cha pili ni saini nyingine, ile ya mkataba wa hali bora kazini. Kwa wafanyakazi wa Uganda saini hii ina maana ya pekee. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakimtoshi mtu kula kwa wiki moja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia saini. Basi, kwa kuwa sheria haikumwekea mfanyakazi wa shambani ngazi ya maana ya kusimamia, ujira wake kwa kila kilo ya majani hutegemea sana mapatano kati ya mwajiri na chama. Chama kinachowasemea wafanyakazi wa chai na miwa nchini, kijulikanacho kwa herufi NUPAWU, hufanya kazi katika hali hiyo. Kiongozi akiwa mtu ambaye wanachama hawakumtaka, hasara haiishii katika heshima yao; humfuata kila mmoja mpaka nyumbani, katika unga na karo ya watoto.

YALIYOTOKEA KATIKA MKONGE

Historia ya Afrika ya Mashariki ina mfano ulio wazi wa nguvu ya dola kuingia katika uongozi wa wafanyakazi wa mashambani. Mfano huo watoka katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na askari wana sehemu yao ndani yake.

Wakati wa Uhuru mwaka 1961, mkonge ulikuwa zao kuu la kuiletea Tanganyika fedha za kigeni. Uliajiri watu wengi sana, wakiwamo manamba waliotoka mbali kwa mkataba na kulala katika makambi ya mashamba. Chama chao kilikuwa miongoni mwa vyama vyenye nguvu katika Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Kiongozi wake, Victor Mkello, alishika pia urais wa TFL baada ya Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa Shirikisho hilo, kuingia serikalini na kuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962.

Hapo ndipo mzozo ulipokomaa. Watu wawili waliotoka katika Shirikisho moja walisimama pande mbili. Waziri aliona kwamba nchi changa, yenye fedha kidogo na mipango mingi, haiwezi kuvumilia migomo isiyokoma, na kwamba vyama havina budi kufungamana na serikali. Viongozi wa vyama waliona kwamba mfanyakazi akinyang'anywa haki ya kumchagua na kumwondoa msemaji wake, hatakuwa na msemaji tena. Sheria za mwaka 1962 ziliufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno, zikampa Waziri mamlaka makubwa juu ya vyama. Januari 1963, kufuatia migomo katika mashamba ya mkonge, Mkello na Sheha Amiri, mwandalizi wa chama cha mkonge, walihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Sumbawanga, mbali na wanachama wao.

Mwaka uliofuata jambo hilo liliamuliwa na tukio lisilohusu mkonge hata kidogo. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Tarehe 25 Januari maasi hayo yalizimwa na wanajeshi wa Uingereza, walioitwa na serikali yenyewe. Serikali ilieleza kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamejaribu kuungana na waasi. Watu wa vyama wapatao 200 walitiwa kizuizini, Mkello akiwa mmojawapo. Mwezi Februari 1964 TFL ilivunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja tu, NUTA, kilichofungamana na TANU. Katibu Mkuu wake hakuchaguliwa na wanachama, bali aliteuliwa na Rais wa nchi. Aliyeteuliwa alikuwa Kamaliza, naye akaendelea kuwa Waziri wa Kazi. Ikawa mtu mmoja ndiye anayedai kwa niaba ya mfanyakazi, na ndiye pia anayejibu kwa niaba ya serikali.

FAIDA NA GHARAMA

Haki yatutaka tuseme pande zote mbili. Miaka ile haikumwacha mfanyakazi mikono mitupu. Mwaka 1964 huo huo ililetwa Akiba ya Wafanyakazi pamoja na sheria ya kumlinda mtu asifukuzwe kazi ovyo. Tena hofu ya serikali haikuwa ya bure, kwa maana vyama vilivyoshindwa kumaliza ugomvi wao kwa kura vimewahi kuleta umwagaji wa damu. Nchini Kenya, mwaka 1965, mapambano ya wafuasi wa mashirikisho mawili yaliyoshindana yaliua watu mjini Mombasa. Serikali iliyafuta yote mawili na kuunda COTU, ambayo wajumbe wake walipendekeza majina matatu kwa nafasi ya Katibu Mkuu, na Rais wa Jamhuri akateua mmoja wao. Wafanyakazi wanaopigana kwa rungu badala ya kuhesabu kura humkaribisha mwenye nguvu awahesabie yeye.

Hata hivyo, gharama ilionekana baadaye. Kiongozi aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafanyakazi wengi wa Tanzania waligoma bila kukipitia chama chao, kwa sababu hawakukiona kuwa chao. Chama kilibadilika jina kikaitwa JUWATA mwaka 1978, lakini pengo kati ya ofisi na shamba lilibaki. Mwezi Julai 1986, katika kampuni ya sukari ya Kilombero, wafanyakazi waligoma kwa madai ya malipo yao. Walioitwa kuwakabili walikuwa polisi wenye silaha. Risasi zilifyatuliwa na wafanyakazi wakauawa.

Ndugu askari, tulitafakari tukio hilo kwa makini. Mkata miwa na polisi wa cheo cha chini ni watu wa hali moja. Pengine wametoka kijiji kimoja. Shauri lililowakutanisha lilikuwa la fedha, shauri ambalo mahali pake ni mezani, kati ya meneja na msemaji anayeaminiwa na watu wake. Pale msemaji wa namna hiyo anapokosekana, askari husukumwa kukaa katika kiti kilicho kitupu, naye hakufundishwa kujadili mishahara. Alichofundishwa ni kutumia silaha.

Askari anao pia ushahidi wa kwake mwenyewe. Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya Colito, wanajeshi wa Jinja hapa Uganda walimshika Waziri Felix Onama kwa madai ya mishahara. Maasi ni kosa kubwa, na hakuna jeshi linaloweza kuyaruhusu. Lakini historia hiyo yatufundisha kwamba malalamiko yasiyo na njia iliyonyooka hujitafutia njia iliyopotoka, hata miongoni mwa watu wenye nidhamu.

SHERIA INASEMAJE

Uganda iliridhia mwaka 2005 Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo unasema kwamba vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuwachagua wawakilishi wao kwa uhuru kamili, na kwamba wenye mamlaka wajiepushe na kuingilia haki hiyo. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inamtambua Msajili wa vyama hivyo. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaja mkimbizi kwa uwazi: anayo haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo mama wa Nakivale aliyepata kazi halali katika shamba la chai si mgeni mbele ya sanduku la kura la chama chake. Kura yake ni moja, sawasawa na ya mwenyeji.

Mkataba huo huo unaziachia sheria za kila nchi kuamua kama haki hizo ziwahusu askari na polisi, na kwetu askari hana chama cha wafanyakazi. Yeye analinda haki ambayo mwenyewe hakupewa. Si jambo la kumtia uchungu. Kiapo chake kinamtaka asiwe na upande, na hiyo ndiyo sababu pande zote zinaweza kumwamini. Bungeni wanajeshi wana wawakilishi wao kumi, na wafanyakazi wana watano. Kila kundi limepewa mlango wake.

WAJIBU WA ALIYE ZAMU

Turudi, basi, kwa askari aliyesimama kati ya makundi mawili. Ibara ya 212 ya Katiba inawapa polisi kazi ya kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na amani, na kuzuia uhalifu. Haikuwapa kazi ya kumtangaza mshindi wa uchaguzi wa chama.

Kwa hiyo mambo machache yanamtosha. Azuie ngumi, mawe na mapanga, bila kujali yanatoka upande upi. Wanachama wenye amani waachwe wakae, wazungumze na kupiga kura. Asilichukue sanduku, wala asihesabu karatasi, wala asikubali ofisi yake igeuzwe ghala la daftari la wanachama kwa ombi la upande mmoja. Anayedai kuwa na amri ya mahakama aionyeshe kwa maandishi, nayo isomwe na kutekelezwa kama ilivyoandikwa, bila kuongezwa neno. Asiye na amri aelekezwe kwa Msajili au mahakamani. Chakula cha mwajiri kisiliwe siku hiyo, wala gari la mgombea lisipandwe, kwa maana wafanyakazi wana macho, na imani ikipotea mara moja hairudi upesi.

Wafanyakazi nao wana wajibu wao. Chama kisicho na orodha sahihi ya wanachama, kisichotangaza tarehe ya uchaguzi mapema, kisichosoma hesabu zake hadharani, chajichimbia shimo. Mgombea aliyeshindwa akikimbilia kukodi vijana wenye fimbo badala ya kukata rufaa, awe tayari kukamatwa kama mhalifu mwingine yeyote, wala asidai kwamba anaonewa kwa ajili ya siasa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mchuma chai mmoja hawezi kumwambia meneja kwamba mizani yake inapunja. Elfu moja wenye msemaji wao wanaweza, tena bila kuvunja kioo. Kila msemaji wa haki anayechaguliwa kwa amani leo ni mgomo mmoja wa fujo uliopungua kesho, na ni siku moja zaidi ambayo askari atarudi kambini bila kumwelekezea bunduki mkulima mwenzake wa jana.