Kisiki cha mtondoro: akiba iliyo chini ya ardhi

Mti wa miombo ukikatwa kwa ajili ya mkaa, mizizi yake haifi. Wilayani Kilosa, kutoka Magole kando ya barabara ya Morogoro–Dodoma hadi vijiji vya karibu na Mikumi, miti kama myombo na mtondoro huchipua upya kisikini na mizizini. Mbegu huchangia kidogo.

Chipukizi huanza kwa kula wanga uliowekwa mizizini. Akiba hiyo hupungua kila mti unapotoa majani machanga mekundu kabla ya mvua, kisha hujazwa tena majani yakikomaa. Chipukizi likichomwa moto au kuliwa na mifugo mara kwa mara, wanga huisha, na hapo ndipo kisiki hufa kweli. Kwa hiyo shoka peke yake haliui msitu. Kinachouua ni kunyimwa nafasi ya kupumzika.

Msitu ukipata nafasi hiyo, mizizi nayo hubadilika. Mizizi myembamba ya msitu mchanga huwa na naitrojeni nyingi na lignini kidogo, hivyo huoza upesi na kurutubisha udongo. Miti inapokua, lignini na tanini huongezeka, mizizi ikawa migumu kuoza, na kaboni hukaa ardhini muda mrefu zaidi.

Kuna jambo linaloshangaza. Myombo na mtondoro ni wa jamii ya mikunde, lakini mizizi yao haina vinundu vya bakteria wa naitrojeni kama ya mninga na mpingo. Hutegemea kuvu wanaofunika ncha za mizizi, kama ilivyo kwa mialoni ya Ulaya. Kuvu huchota naitrojeni na fosforasi udongoni, mti huwalipa sukari. Uyoga mwingi unaookotwa miomboni wakati wa mvua ni matunda ya ubia huo. Mti usipokuwepo, uyoga huo nao haupo.

Penye tanuri la mkaa hali ni tofauti. Majivu huongeza potasiamu na kalsiamu na kupunguza asidi, lakini joto huwa limekwisha kuua mizizi, basi doa hilo huchelewa kuota miti.

Ili visiki vipate kupumzika, mradi wa mkaa endelevu ulioanza Kilosa mwaka 2012 chini ya mashirika ya misitu TFCG na MJUMITA uligawa misitu ya vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe katika vitalu vilivyopangwa kuvunwa kwa mzunguko wa miaka 24. Kitalu kilichokatwa mwaka 2014, zamu yake itarudi 2038.