Mboga Sokoni, Nuru Machoni

Katika soko la Kimisagara, wilayani Nyarugenge mjini Kigali, isombe na dodo hununuliwa kwa ajili ya chungu. Ni wachache wanaofahamu kwamba majani hayo yanahusika pia na afya ya macho ya wazee.

Nyuma ya jicho imo retina, utando mwembamba unaopokea mwanga. Katikati yake pana doa dogo linalomwezesha mtu kusoma na kutambua nyuso. Kwa baadhi ya wazee, taka hurundikana chini ya doa hilo. Mwili hujitetea kana kwamba umevamiwa, na uvimbe unaotokea huzidi kuua chembe ambazo haziwezi kuota tena.

Majani ya kijani kibichi yana luteini na zeazanthini, rangi za manjano ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Rangi hizo hukusanyika katika doa hilo, zikapunguza ukali wa mwanga wa buluu na uharibifu unaochochea uvimbe. Mwaka 2001 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C na E, beta-karotini na zinki ulipunguza kwa asilimia 25 hivi hatari ya ugonjwa kufikia hatua kali. Mwaka 2013 uchunguzi wa pili ulipendekeza miligramu 10 za luteini na 2 za zeazanthini mahali pa beta-karotini, iliyohusishwa na saratani ya mapafu kwa waliowahi kuvuta sigara.

Ama kurkumini ya bizari ya manjano, imetuliza uvimbe katika maabara. Lakini mwili huifyonza kwa shida, na bado haijathibitishwa kuwa dawa ya macho.

Hapana budi basi kutofautisha chakula na tiba. Mboga hizo zipikwe kwa mafuta kidogo, kwani luteini huyeyuka katika mafuta. Haziwezi kurudisha nuru iliyokwisha kupotea. Aidha, kukamulia majani jichoni ni hatari: vijidudu na ukali wa maji yake huweza kutia kidonda kwenye mboni na kuleta upofu.

Kati ya mwaka 2012 na 2017, wauguzi wa vituo vya afya kote Rwanda walifundishwa huduma ya msingi ya macho. Mzee anayeona mistari iliyonyooka ikipinda asingoje. Majani yabaki chunguni. Jicho lipelekwe kwa mganga.